Ulinituma Vitumbua

Fundi Hamisi,

Leo sikuamkii. Miaka miwili nimekupa shikamoo yako kila asubuhi kabla sijaweka hata mkoba chini, na siku nyingine uliipokea bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Leo naanza bila shikamoo, na kama ni utovu wa adabu, basi na iwe hivyo. Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo siku thelathini na nane, na keshokutwa ni arobaini yako. Sitaki kuingia tena uani kwako Tandika nikiwa nimeibeba.

Nikueleze lililotokea siku ile, maana wewe ulikuwa ndani ya jeneza. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani kwenye mikeka, tumebanana hadi ukumbini. Kabla hawajakubeba, kaka yako Ramadhani alisimama. Sauti ilimkatika mara mbili. Akasema, kama yupo ambaye ndugu yetu alimkosea, kwa kujua au kwa kutojua, tunamwombea radhi. Nje wakaitikia kwa pamoja: tumemsamehe. Ndani mkeo akaitikia, shangazi zako wakaitikia. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni kwangu akanigusa goti. "Sema na wewe, mwanangu." Nilifungua mdomo, neno likagoma. Nikajifanya nakohoa.

Ukaondoka bila radhi yangu. Nilipelekwa chuo cha Kurani kama wewe, najua maana yake, na usiku wa kwanza sikulala kwa kukufikiria huko uliko. Lakini kusema uongo mbele ya maiti nako sikuweza.

Sababu ni vitumbua.

Unakumbuka tulivyoanza kwa Mama Kessy pale Mwananyamala. Chumba kimoja, kompyuta nane alizozinunua kwa ajili ya kufundisha watu kuchapa, na laini moja ya simu. Watu walikuwa wameanza kuulizia intaneti, kila mtu ana ndugu nje anayetaka kumwandikia, na Mama Kessy akataka mashine zote nane zitoke kwa laini ile moja. Wewe ukaja na mashine yako kuukuu isiyo na kifuniko, ukaiweka kwenye kona, ukaiita Bawabu. Ikawa ndiyo seva yetu. Kila kinachotoka kipite kwake, kila kinachoingia kipite kwake.

Ulinichorea nyuma ya kalenda. Mashine zetu nane zina namba za humu ndani tu, ukasema, huko nje hazijulikani. Moja ikitaka kitu, Bawabu anaifuta namba yake na kuandika namba yake yeye, anatuma, na anakumbuka nani aliagiza. Jibu likirudi, anampelekea mwenyewe. Kisha ukapiga mstari mzito juu ya karatasi. "Halafu hapa, Mwaju, ndiyo roho ya kazi. Kwanza kataa vyote. Ndipo uruhusu kimoja kimoja." Ulieleza vizuri. Hilo sikunyimi. Niliipeleka ile kalenda nyumbani Vingunguti na mama akaifungia maandazi, nikagombana naye siku mbili.

Waya nilivuta mimi. Ni mimi niliyetambaa chini ya meza zile kwa magoti, nikabana vichwa vya waya kimoja kimoja, nikaipa kila mashine namba yake. Mama Kessy alipokuja kuangalia alisema, "Fundi, umefanya kazi kubwa," na wewe ukasema ahsante. Nilikuwa bado niko chini ya meza. Kama Bawabu alivyofuta namba za zile mashine nane, ndivyo ulivyonifanyia mimi, tofauti ni kwamba Bawabu jibu likija hukumbuka nani aliagiza.

Lakini hilo ningelimeza. Nalimeza bado. Shida ni zile asubuhi.

Saa mbili kamili modemu inapiga simu, inalia kama paka aliyebanwa na mlango, kisha inatulia. Hapo hapo, kabla hata mashine za watu hazijawashwa: "Mwaju, kachukue vitumbua." Kwa yule mama wa karibu na ukuta wa hospitali. Naenda, napanga foleni na manesi wanaotoka zamu, narudi na vitumbua vya moto kwenye gazeti, na nikirudi kila kitu kinafanya kazi na wewe umeegemea kiti. Kila siku. Siku moja nilikimbia kwenda na kurudi, nikakuta umeuzuia mlango kwa kiti. Ulipofika mwezi wa Ramadhani nikasema moyoni, sasa tutaona atanituma nini huyu, tumefunga wote wawili. Ukanituma nikaangalie kama maji yametoka bombani. Mwezi mzima niliangalia maji, Fundi, na hayakuwa yakitoka.

Sikukasirika wakati ule, na hili ndilo linalonichoma. Mimi ni mtoto wa fundi. Baba yangu alikuwa na cherehani, na alikuwa akimtoa nje mwanafunzi wake kila alipofika kwenye kukata kola. Miaka mitatu yule kijana alitumwa uzi, alitumwa mkaa wa pasi, alitumwa salamu kwa watu wasiokuwepo. Kisha siku moja baba alimwambia kaa, akampa mkasi. Nilijua mafundi ndivyo walivyo. Nikawa nahesabu kwamba siku yangu ya mkasi iko njiani, na kila kitumbua nilichokula niliona ni sehemu ya mafunzo.

Jumanne ile ulianguka ukiwa umeshika kikombe. Jumatano asubuhi Bawabu akapiga simu yake kama kawaida, modemu ikalia, ikatulia, na hakuna kilichopatikana. Mashine zinatuma, hazipokei. Watu wamekaa mbele ya vioo wanatazama mshale. Nikajaribu nilichojua, na nilichojua kilikuwa kuzima na kuwasha zile nane. Bawabu aliniuliza neno la siri na sikuwa nalo, kwa sababu kila ulipoliandika uliikumbatia kibodi kwa bega.

Nikaja wodini. Nilikuja na chungwa, nikakumenyea, nikakaa. Mkeo alikuwa ametoka kuchota maji. Nikakwambia kwa upole, Fundi, Bawabu anakataa majibu, niambie neno la siri na nifanye nini. Ulinitazama muda mrefu. Nilidhani unapanga maneno. Kisha ukasema, "Niache, nitakuja mwenyewe kesho. Wewe usiguse."

Kesho yake alfajiri ulikufa.

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Mtu anaacha dua, anaacha wosia, wewe umeniachia usiguse. Ndiyo niliyokuwa nayo kooni Ramadhani alipokuwa anaomba radhi. Ulikuwa umelala kitandani, pumzi imekubana, na bado ulikuwa unanitoa nje ya chumba.

Ijumaa nilirudi kazini. Chumba kilikuwa kimejaa watu na maneno. Walishaamua wao kwamba umeizindika mashine, kwamba umekufa na ufunguo wake, na mmoja akasema kama unatoka Tanga si ajabu. Hukuwa mtu wa Tanga hata. Mama Kessy aliniita pembeni. Alikuwa amekulilia kweli, macho yake yalikuwa mekundu, lakini biashara ni yake. "Mwajuma mdogo wangu, mie nakupa mpaka Jumatatu. Ikigoma, naleta kampuni ya mjini. Na wale wanakujaga na watu wao." Alisema kwa huruma. Nilimwelewa vizuri sana. Miaka miwili, na ningetoka pale nikiwa najua kubana waya na bei ya vitumbua.

Jumamosi mchana tulipofunga niliomba nibaki. Nikakaa kwenye kiti chako. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo lako na sikukipenda.

Unakumbuka siku uliyolisahau neno la siri wewe mwenyewe? Ulizima Bawabu, ukamwasha, na kabla hajaamka sawasawa ukamwandikia aamke kwa ajili ya mtu mmoja tu. Akaamka bila kuuliza chochote, ukaweka neno jipya. Siku hiyo ulikuwa umechanganyikiwa hata ukasahau kunituma. Ulipogundua nimesimama nyuma yako ulicheka. "Umeona? Haya, sasa usahau." Sikusahau, Fundi. Nilizima, nikawasha, nikaandika ulivyoandika, na Bawabu akanifungulia.

Nikalifungua faili la sheria zako. Mistari hamsini na kitu. Kila mmoja unamwambia Bawabu nini kipite na nini kisipite, na yeye anaisoma kuanzia juu, ukipatikana unaohusika anaishia hapo. Katikati ya mistari kulikuwa na mingine inayoanza na ile alama inayofanana na nondo za dirisha. Hiyo mashine huiruka. Ni maneno ya mtu kujikumbusha, na yalikuwa maneno yako, kwa Kiswahili.

Mstari wa kwanza wa nondo ulisema: huu sijui wa nini. usiguse.

Niliusoma mara mbili. Nikashuka. Nilitoa huu, majibu yakagoma, nimerudisha. Nikashuka tena. Huu na ule wa juu naona vinafanana lakini naogopa. Na hivyo hivyo mpaka chini. Sheria zenyewe zilikuwa za Kiingereza fasaha cha mashine, zimenyooka, za mtu anayejua. Hazikuwa zako. Ulizinakili mahali, karatasi ya mtu, sijui nani, na ukazipachika kwa Mama Kessy, na ukakaa miaka miwili unazizunguka kwa uoga.

Kisha nikaona namba. Namba ya Jumanne, siku uliyoanguka, imeandikwa sehemu sita. Hapo ndipo nilipoelewa vitumbua. Kila asubuhi tukipiga simu tunapewa namba mpya ya huko nje. Sheria zako zilikuwa zinasema, ruhusu majibu yaliyoandikiwa namba fulani. Namba ikibadilika, Bawabu anayaona majibu yetu yameandikiwa namba asiyoijua, na kwa kuwa ulimfundisha kukataa vyote, anakataa. Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unaitazama namba mpya, unafuta ya jana, unaandika ya leo. Mara sita, kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo siri. Hakukuwa na mkasi. Ulinitoa nje ili nisione kwamba hujui.

Niligonga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nilikutukana, Fundi, kwa sauti, peke yangu, matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Nilipotulia niliusoma mstari wa mwisho wa nondo, uliokuwa juu ya ile namba ya Jumanne. Namba ya leo hapa. lazima kuna njia nyingine. nimuulize Mwaju kesho.

Hukuweka tarehe. Sijui kama ni kesho ya juzi au ya mwaka jana. Ungeweza kuniuliza kesho yoyote. Nilikuwa hapo, na gazeti la vitumbua mkononi, nimesimama nje ya mlango ulioegemezwa kiti.

Na njia ilikuwapo, ndiyo maana siwezi kukusamehe kirahisi. Ilikuwa humo humo ndani ya faili lako. Sheria iliyokuwa chini ya ule mstari wa kwanza wa nondo, ule wa sijui wa nini usiguse, haikutaja namba yoyote. Ilitaja mlango. Waya wa simu una jina lake ndani ya mashine, na waya wa ndani una jina lake, nazijua waya hizo kwa sababu nimezitambalia. Badala ya kumuuliza Bawabu barua imeandikiwa namba gani, unamuuliza imeingilia mlango gani. Namba ibadilike mara mia, mlango ni ule ule.

Sikuipata mara moja. Kwanza niliweka ruhusa yangu juu kabisa, nikafurahi mashine ziliposoma, kisha nikaona kwa jinsi nilivyoandika nimemruhusu kila mtu wa huko nje aingie hata ambaye hatukumwita, na kwa kuwa Bawabu huishia kwenye sheria ya kwanza inayomfaa, makatazo yako yote ya chini hayakusomwa. Nikafuta. Nikaandika upya kwamba kwa mlango wa simu yapite majibu tu, wale wanaoanza mazungumzo wao wakataliwe. Nikasahau majibu ya wale wanaotutafsiria majina ya tovuti kuwa namba, nikapoteza saa nzima. Ungekuwepo ungenicheka. Au ungenituma maji.

Saa kumi na moja jioni nilikata simu, nikapiga tena. Namba mpya, mashine zikasoma. Nikakata, nikapiga. Namba nyingine, zikasoma. Mara ya tatu nilisimama na kwenda mpaka mlangoni, nikakaa nje kwenye ngazi mahali nilipokuwa nikifikia nikitoka kwenye vitumbua, nikasikiliza modemu inalia na kutulia bila mtu kuigusa. Nililia hapo. Nililia kwa hasira zaidi kuliko msiba, nakwambia ukweli.

Jumatatu Mama Kessy aliingia, akajaribu, akashika kifua. Akasema, "Kumbe Fundi alikuachia maelekezo. Mungu amlaze pema." Nikasema hakuniachia. Akanikata jicho. "Mwajuma. Usimseme vibaya marehemu." Basi kazi yangu ya Jumamosi nzima ikaenda nje kwa namba yako. Kazi ninayo lakini. Kiti nimekibadilisha.

Wiki mbili zilizofuata nilikuchukia kwa raha zangu. Kisha nikakumbuka hadithi uliyonipa siku moja mafuta ya kitumbua yakikuchuruzika mkononi, na wakati ule niliiona ya kuchekesha. Kazini kwako zamani, kabla hawajawapunguza, walikuja wataalamu na mitambo mipya, wakawakusanya ukumbini, wakauliza kwa upole sana nani haijui mitambo hii, ainue mkono, afundishwe. Wewe ukainua. Orodha ilipobandikwa, walioinua mikono ndio walioondoka. "Tangu siku ile, Mwaju," ukaniambia, "mkono huu hauinuki." Ukaunyoosha mkono wenye kitumbua, ukanionyesha usivyoinuka, nikacheka mpaka nikakohoa.

Nilipaswa kusikia. Lakini na wewe ulipaswa kuona kwamba mimi sikuwa wao. Sikuwa na orodha. Ungeniambia hujui, tungekuwa hatujui wote wawili, tungekaa mbele ya kile kioo asubuhi moja tu, mmoja akiutazama mstari na mwingine akikuna kichwa, na tungepata, na ungekuwa umekula vitumbua vyako vikiwa vya moto miaka miwili. Hiyo ndiyo dhambi yako kwangu. Waya na sifa nimekwisha kuviacha. Ulinidhania mimi ni ule ukumbi.

Sasa nikwambie nilichofanya. Nimelichapa faili zima kwenye karatasi na kulibandika ukutani juu ya Bawabu, anayetaka kusoma asome. Mistari yako ya nondo sikuifuta hata mmoja. Kila ulipoandika sijui, nimeandika chini yake jibu, kwa herufi zangu. Mama Kessy aliuliza kwa nini naacha maneno ya aibu ya marehemu ukutani. Nikamwambia hayana aibu. Umebaki mstari mmoja, wa kumi na tisa. Uliandika: huu nao sijui. Nimeuchunguza wiki tatu, nimeutoa na kuurudisha, nimewauliza hata watu wa kampuni ya mjini kwenye simu. Chini yake nimeandika: mimi pia sijui. Nikaweka jina langu kamili.

Keshokutwa nitakuja Tandika mapema, niwasaidie kupika. Hitma ikisomwa na Ramadhani akisimama tena kukuombea radhi, nitaitikia, na nitaitikia kwa sauti hata yule bibi asikie. Radhi nakupa. Hasira nabaki nayo kidogo, nimeizoea, inanisaidia kuamka asubuhi. Na nakuahidi kwamba maadamu niko kwenye chumba kile, mlango hautaegemezwa kiti, na hakuna mtu nitakayemtuma popote modemu ikianza kulia.

Vitumbua navinunua mwenyewe, nikiwa njiani, kabla ya saa mbili. Viwili zaidi ya ninavyomaliza. Bado sijaweza kuacha.

Lala, Fundi. Nimegusa, na haikuharibika.

Shikamoo.

Mwajuma